Virusi vimetangazwa na kadi zimeshagawiwa: tuahirishe harusi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi hapa Bukoba. Januari 2025, Marburg ilipotangazwa Biharamulo, tulikuwa tumebakiza wiki tatu kabla ya harusi ya kaka yangu. Wazee wakagawanyika, mwisho tukaahirisha. Kianzio cha ukumbi kikapotea, mpambaji hakurudisha kitu, na mpaka leo kuna waliochanga wananitupia maneno. Ajabu ni kwamba wiki hiyohiyo tulikwenda msibani kwa jirani, watu kama mia tatu, na hakuna aliyesema neno. Sasa tunaandaa ya mdogo wangu wa kike, na kila habari ya virusi ikipita WhatsApp simu yangu haipumui. Tutajuaje lini tuahirishe na lini tuendelee? Halafu shangazi anataka tuweke kijana mlangoni awapulizie wageni dawa. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, katibu. Poleni na hasara hiyo, na pole wewe zaidi, maana lawama za michango huwa zinamwangukia anayeshika daftari.

Nianze na ule msiba, kwa sababu ndipo ulipolitaja jambo lenyewe bila kukusudia. Kwa ugonjwa wa Marburg, kama kulikuwa na shughuli moja ya kufikiriwa mara mbili wiki ile, ilikuwa msiba. Sisemi jirani yenu alikufa kwa Marburg. Hakuna unachoeleza kinachoashiria hivyo. Nasema tu kwamba kamati iliogopa mkusanyiko ambao virusi vile vinapata tabu kupenya, ikahudhuria aina ya mkusanyiko ambao vinaupenda. Na hamkuwa peke yenu. Watu wengi wakisikia tangazo la mlipuko huuliza kwanza, "Unaua?" Ni swali la haki, ila halikusaidii kupanga shughuli. Ukali wa ugonjwa unakwambia utaumia kiasi gani ukishaupata. Kama utaupatia ukumbini au hutaupatia, hilo linategemea njia unayopita kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Marburg na Ebola ni ndugu, na njia yao ni moja. Mtu huambukizwa akigusa damu, matapishi, kinyesi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa, au shuka na nguo zilizochafuliwa nayo, au mwili wa aliyekufa. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 tangu kuambukizwa, na kabla hazijatokea mtu huyo haambukizi wengine. Kadiri ugonjwa unavyozidi ndivyo virusi vinavyozidi mwilini. Kwa hiyo mgonjwa wa Marburg aliye hatari zaidi hayuko ukumbini akifuata mdundo wa MC. Yuko kitandani, homa imempanda, anatapika na kuharisha, na walio karibu naye ni mama yake, mke wake, muuguzi wa zahanati. Akifa, mwili wake bado umejaa virusi, na hapo ndipo ndugu huja kumwosha, kumvalisha na kumshika kwa mara ya mwisho.

Kagera mmeyaona haya mara mbili. Machi 2023, tarehe 21, Wizara ya Afya ilitangaza Marburg kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko. Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6. Ukifuata mnyororo ule unakuta familia na wahudumu wa afya, yaani waliouguza na waliotibu. Januari 2025 ikawa Biharamulo: waliothibitishwa kimaabara 2, na wengine 8 waliohesabiwa kuwa huenda walikuwa nao, wote 10 wakafariki. Mlipuko ukatangazwa kumalizika tarehe 13 Machi. Watu kumi ni msiba mkubwa, na kiwango hicho cha vifo kinatisha yeyote. Lakini sijui ukumbi wa sherehe hata mmoja uliohusishwa na milipuko hiyo miwili.

Jirani zetu wa Rwanda walipopatwa na Marburg mwishoni mwa Septemba 2024 walikuwa na kazi kubwa kuliko yetu: wagonjwa 66, na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wahudumu wa afya, kwa sababu virusi viliingia hospitalini kabla havijajulikana. Tazama walichofunga na walichoacha. Walisimamisha kutembelea wagonjwa hospitalini kwa siku 14, wakamruhusu kila mgonjwa mtu mmoja wa kumhudumia. Walizuia kukesha na maiti ya aliyefariki kwa Marburg na kufungua jeneza watu waage, wakaweka ukomo wa watu 50 mazishini. Biashara na shughuli nyingine wakasema ziendelee, kwa tahadhari. Walikufa 15, ambayo kwa Marburg ni idadi ndogo mno ukilinganisha na waliougua, na tarehe 20 Desemba wakatangaza wamemaliza. Pale palikuwa na watu waliokaa chini wakauliza njia kabla ya kuandika amri.

Kinyume chake upo mfano wa mpira, nao wapenzi wa soka watakumbuka. Morocco ilikuwa iandae Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015. Ebola ilikuwa imewaka Guinea, Liberia na Sierra Leone, na Morocco ikaomba mashindano yaahirishwe. CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, ikakataa, Novemba 2014 ikawanyang'anya uenyeji na kuupeleka Guinea ya Ikweta. Kichekesho ni kwamba timu ya Guinea, isiyoruhusiwa kuchezea nyumbani kwa sababu ya Ebola, ilikuwa ikichezea mechi zake za "nyumbani" Casablanca, palepale Morocco! Mashindano yakapigwa kuanzia tarehe 17 Januari hadi 8 Februari 2015. Guinea ikavuka kundi lake kwa kura baada ya kulingana na Mali kwa kila kitu, Ivory Coast ikatwaa kombe kwa penalti, na hakuna mgonjwa wa Ebola aliyetokana na mashindano hayo. Siwalaumu Wamorocco kwa kuogopa. Ugonjwa ule mwishowe uliua zaidi ya watu 11,000. Ila mashabiki waliokaa jukwaani Bata na Malabo, miji ya Guinea ya Ikweta, hawakuwa wakiuguza mtu.

Usije ukabeba aya hizo ukawasomea wazee kama ruhusa ya kufanya sherehe wakati wa mlipuko wowote. Sasa nakugeuzia upande wa pili.

Korona ilikuwa na njia nyingine kabisa. Ilipita hewani, kwa pumzi, na mtu aliweza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Agosti 2020, jimbo la Maine huko Marekani, ilifanyika harusi ya watu 55. Hamsini na watano tu, katibu; kwenu hiyo ni kamati pamoja na wapishi. Mlangoni wageni walipimwa joto na wote wakaonekana wazima. Wachunguzi walipofuatilia walikuta maambukizi 177 yanayoungana na sherehe ile, yakiwa yamefika mpaka kwenye nyumba ya kutunzia wazee na kwenye gereza, mbali kabisa na ukumbi. Watu 7 walikufa. Kati ya hao saba hakuna hata mmoja aliyehudhuria harusi.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka lisomwe kikaoni polepole. Kwa virusi vya hewani, anayelipa gharama ya sherehe mara nyingi hakualikwa. Mgeni wako anaondoka amefurahi, anarudi kazini, anamkoholea mzee wa mtu mwingine. Ndiyo maana hoja ya "kila mtu aamue mwenyewe kuja au kutokuja" haitoshi katika ugonjwa wa aina hii.

Na kwaya zisisahaulike. Machi 2020, Skagit Valley, jimbo la Washington, wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu katika ukumbi mmoja. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baadaye 53 walihesabiwa kuwa wameugua, wawili wakafariki. Kuimba kunatoa pumzi nyingi kuliko kuongea, na pumzi ile ikikaa ndani ya chumba kilichofungwa haina pa kwenda. Ukiniuliza juu ya virusi vya hewani, sitahangaika sana na idadi ya viti. Nitauliza madirisha yako wapi, sherehe ni saa ngapi, na kama MC atalazimisha watu wapige vigelegele saa tano mfululizo.

Hapo ndipo uamuzi wa Machi 2020 unapoeleweka, pale Rais Magufuli aliposimamisha mbio za Mwenge na kuagiza fedha zake zipelekwe Wizara ya Afya. Virusi vilikuwa vipya, vinapita hewani, na Mwenge kazi yake ni kukusanya watu kijiji baada ya kijiji. Huwezi kubuni shughuli inayofaa zaidi kuahirishwa.

Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, iko katikati. Inaambukiza zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi, hasa penye vipele, kujamiiana, na kulala pamoja au kushirikiana shuka. Salamu ya mkono ukumbini haiko juu katika orodha yangu. Ninachokiwazia ni nyumba ya bibi arusi usiku wa kuamkia harusi, mabinti wanane kwenye magodoro mawili, wanabadilishana kanga na kupakana mafuta. Mwenye vipele asivyovielewa alale peke yake na aende akapimwe. Shughuli inaweza kuendelea.

Sasa tuje kwenye kikao chenu.

Tangazo likitoka, mtafute mtu mmoja wa kulisoma kwa utulivu, ikiwezekana ndugu aliye muuguzi au ofisa afya, na asome la Wizara, si picha ya skrini. Anatafuta mambo machache tu. Njia ya kuambukiza, ambayo tumeimaliza. Mahali, kwa jina la wilaya na kata, kwa sababu Kagera ni kubwa na Biharamulo si Bukoba mjini. Na swali ambalo watu hawaliulizi kabisa: je, wagonjwa wapya walikuwa tayari kwenye orodha ya watu wanaofuatiliwa, au wanaibuka kusikojulikana? Mgonjwa mpya akiwa mtu aliyekuwa akifuatiliwa kwa sababu alimuuguza wa kwanza, mnyororo uko mkononi mwa wataalamu. Akiibuka mtu ambaye hakuna anayejua kaupatia wapi, maana yake kuna wagonjwa wengine hawajaonekana, nami hapo ningeanza kusita hata kwa ugonjwa ambao kwa kawaida hauenei ukumbini.

Tetesi zina wakati wake wa kustawi, nao ni kati ya fununu na uthibitisho. Januari ile mliiona wenyewe. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari ya wagonjwa wanaoshukiwa, Wizara ikasema vipimo havijaonyesha Marburg, halafu tarehe 20 Rais Samia akatangaza Dodoma kwamba sampuli moja imethibitika kuwa nayo. Siku sita tu, lakini simu za Bukoba zilipika kila kitu ndani ya siku hizo sita. Kwa maoni yangu ukimya na kukanusha vilitupunguzia imani tuliyoihitaji wiki iliyofuata. Hata hivyo kamati haina maabara. Katika siku kama hizo msiahirishe wala msiape kuendelea. Semeni mnasubiri tarehe fulani, na namba 199 ya Wizara ipo, kupiga ni bure.

Tarehe hiyo ndiyo dawa yenu kubwa. Pangeni leo, kabla hakuna aliyetishika, siku ya uamuzi: tuseme siku kumi kabla ya harusi, kabla ng'ombe hajalipiwa na kabla mpishi hajaingia sokoni. Siku hiyo wakae watu watatu wenye mamlaka, mwenyekiti, wewe, na mtu wa afya, waamue. Grupu la WhatsApp lenye ndugu tisini liambiwe matokeo. Ukiliachia grupu liamue, atashinda mwenye sauti ya woga zaidi au mwenye kiburi zaidi, na wote wawili hawatakuja kulipa deni la ukumbi.

Kuhusu fedha, yaliyopotea sina uwezo wa kuyarudisha. Safari hii mwandikiane na ukumbi, mpambaji na mwenye muziki kwamba tarehe ikihamishwa kwa amri ya Serikali au ushauri wa mamlaka ya afya, kianzio kinahamia tarehe mpya. Wengi watakubali ukiwaomba mapema, kwa sababu nao 2020 waliumia. Atakayekataa, mlipe kianzio kidogo au mtafute mwingine. Na waliochanga waelezwe kwenye kikao cha kwanza kabisa itakuwaje mambo yakiharibika. Mchangaji aliyeambiwa mapema hageuki mdai.

Kuna njia ya kati ambayo mwaka ule wa korona familia nyingi ziliipata zenyewe: ndoa ifungwe tarehe yake, kanisani au msikitini, na watu wachache wa pande mbili, mlango wazi, sherehe ije baadaye. Kwa virusi vya hewani hiyo ndiyo ningeipendekeza kabla ya kuahirisha kila kitu. Bibi arusi akikasirika mwacheni akasirike. Mume atakuwa naye.

Kwa Marburg au Ebola ikitangazwa wilaya ya mbali, mimi ningeendelea na harusi, na nguvu zangu ningeziweka kwenye orodha ya wageni badala ya mlangoni. Yeyote aliyemuuguza mtu mwenye homa isiyojulikana, aliyegusa maiti, au aliyeambiwa na wahudumu kwamba anafuatiliwa, abaki nyumbani mpaka siku 21 ziishe, hata kama anajisikia mzima kabisa. Anaweza kuwa shangazi mwenyewe, au mshenga. Apigiwe simu na mtu anayemheshimu, aambiwe kwa upole, na asitajwe ukumbini. Na mwenye homa, awe malaria au kitu kingine, asije kujikaza kwa sababu ameshona sare. Ikiwa mlipuko uko katika kata yenu wenyewe na watu wanaugua bila kueleweka wamepataje, hamisheni tarehe. Na Serikali ikishapiga marufuku mikusanyiko mahali penu, mjadala umekwisha. Msiende kutafuta ukumbi wilaya ya pili.

Kitakachokuwia kigumu zaidi ni msiba, maana kwetu harusi inahamishwa lakini msiba hauahirishwi na asiyekwenda anakumbukwa. Nchini Sierra Leone, 2014, mganga wa jadi mmoja aliyekuwa akitibu wagonjwa wa Ebola waliovuka kutoka Guinea alifariki, na waombolezaji wakaja kutoka vijiji vya jirani kumzika kwa desturi zote. Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba hadi vifo 365 vya Ebola vinaweza kuhusishwa na maziko yale. Mlipuko wa namna hiyo ukiwa wilayani, nendeni msibani, kaeni nje, changieni, pikeni, ombeni. Mwili usioshwe wala kuguswa na ndugu mpaka wahudumu wa afya wajulishwe, hasa kama marehemu aliugua muda mfupi kwa homa, kutapika au kutokwa damu. Mashehe na wachungaji waliowahi kupitia milipuko hii wanajua namna ya kumsitiri marehemu bila watu kumshika, na neno lao lina uzito kuliko langu, kwa hiyo waombeni waliseme wao.

La shangazi nimeliacha mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi: hapana. Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi mwaka 2020 kwamba kumpulizia mtu dawa ya kuua vijidudu hakushauriwi katika hali yoyote. Inawasha macho, inabana kifua, hasa kwa wenye pumu, na aliye na virusi ndani ya mwili anaendelea kuwa navyo huku gauni lake limepauka. Kijana huyo apewe kazi nyingine. Asimame kwenye ndoo ya maji yanayotiririka na sabuni, ahakikishe sabuni haiishi kabla ya saa mbili usiku, kwa kuwa wageni wenu watakula kwa mikono na kuhara kwa sababu ya mikono michafu hakusubiri mlipuko utangazwe. Sabuni ikikosekana kabisa, maji ya klorini ya asilimia 0.05 yanafaa mikononi. Ile kali ya asilimia 0.5 muiweke chooni na jikoni, kwa sakafu na kwa matapishi, mbali na watoto, na chupa iandikwe kwa maandishi makubwa.